Mirija ikikaa mezani, msiilaumu mashine

Wadogo zangu mlioingia maabara muhula huu, nawapenda, lakini ile mirija ya damu inayosubiri mezani hadi mrudi kutoka kantini imenishinda kuinyamazia. Halafu mkisoma rangi kwenye nanomita 412 mkikuta namba za ajabu, mnafuta kyuveti na kununa kwamba spektrofotomita, ile mashine ya kusoma rangi, imeharibika. Spektrofotomita ni nzima. Kilichoharibika kiliharibika mkiwa mnakula chipsi.

1. Jueni njano inatoka wapi. DTNB ya Ellman, kemikali ya kupimia thayoli ya tangu 1959, haichagui: thayoli (molekuli yenye kikundi cha salfa na haidrojeni, -SH) yoyote iliyo huru na inayofikika inaipa rangi. Katika plazma, sehemu kubwa ya rangi hiyo ni protini ya albumini, mamia ya mikromola. Glutathioni, thayoli ndogo inayolinda chembe dhidi ya oksidisho, katika plazma ni mikromola chache tu, ilhali ndani ya chembe nyekundu inahesabiwa kwa milimola. Sasa piga hesabu chembe zikipasuka kidogo tu. Kuna mmoja wenu aliniletea plazma yenye rangi ya juisi ya rozela akauliza, "Dokta, hii si inafaa?" Haifai, mwanangu. Katoe upya, na safari hii usivute bomba la sindano kama unayepampu tairi.

2. Bafa iwe na pH 8. Dondoo la asidi lisiposawazishwa kwanza, njano haiji, na wewe utaandika kwamba mgonjwa hana thayoli.

3. EDTA (ya kuzuia damu kuganda) na FRAP (kipimo cha jumla cha kinga dhidi ya oksidisho) haviendi pamoja. Kipimo kinategemea chuma, EDTA inakamata chuma. Chukueni seramu au plazma ya heparini. Na msisahau kwamba FRAP inaona zaidi asidi ya yuriki, thayoli karibu haizioni. Ndiyo maana mgonjwa wa figo, aliyejaa asidi hiyo, anaweza kutoka na "kinga kubwa dhidi ya oksidisho." Msimpongeze.

4. GSSG, yaani glutathioni iliyooksidishwa. Hapa nina aibu yangu, na naieleza kwa sababu juzi nimeona asidi ikitangulia tena.

Nilikuwa nalinganisha wagonjwa wa selimundu na watu wazima wasio na ugonjwa, kwa njia ya Tietze ya 1969, inayopima glutathioni kwa kimeng'enya. Damu ya wagonjwa niliitia asidi kliniki, nikaiweka kwenye barafu, nikaendelea kuhudumia foleni. Vinilipiridini ya kufunika thayoli niliiongeza nikirudi maabara, mchana. Wasio wagonjwa walikuwa sisi wenyewe, tuliotolewa damu hatua chache kutoka benchi na kumalizwa papo hapo. Niliamini asidi imeshasimamisha kila kitu. Kumbe damu nzima ikitiwa asidi glutathioni haijafunikwa, himoglobini inayoharibika humo ndani inasaidia kuigeuza kuwa GSSG, na kadiri unavyochelewa ndivyo inavyozidi. Grafu yangu ilipendeza mno: wagonjwa juu, sisi chini. Nikatuma muhtasari wa mkutano. Nilikuwa nimeshachagua hata shati.

Msimamizi wangu akaitazama, akauliza swali moja: mbona hata nyinyi wazima mko juu? Kwa mtu mzima wa afya GSSG ya damu, ikipimwa vizuri, ni kama asilimia moja ya glutathioni yote au pungufu. Akaniambia nijitoe damu mwenyewe: mrija mmoja uwe na NEM, kemikali nyingine ya kufunika thayoli, tangu sekunde ya kwanza, mwingine niutie asidi na kuuacha kama wa wagonjwa. Wa kwanza ukasema mimi ni mzima. Wa pili ukaniingiza kliniki. Nilichokuwa nimechora kwa rangi mbili ni muda wa kusubiri. Muhtasari nikauondoa, na lile kundi lote la sampuli likaenda kwenye pipa la taka hatarishi. Damu ya watu waliokuja na maumivu yao wakanyoosha mkono kwa sababu niliwaomba.

Basi: NEM kwanza, asidi baadaye. Na NEM iliyobaki iondoeni kabla ya kimeng'enya, maana inakiua, mkaja kulia kwangu kwamba mstari haupandi.

5. Vitamini C: asidi ya metafosforiki, barafu, giza. Homosisteini: tenganisheni plazma haraka, kwani chembe zinaendelea kuitoa mrijani na namba inapanda yenyewe.

6. Kwenye lebo andikeni saa ya kutoboa mshipa. Saa ya kupokea sampuli ni ya mhasibu.