Osborne ni pa kulala, si pa kupita

Wengi huenda Osborne, jumba la kifalme la zamani kusini mwa Uingereza, asubuhi na kurudi kwao jioni. Mimi nawashauri mlale. Jumba lenyewe halilazi mtu: Malkia Victoria na mumewe Albert walinunua shamba hilo la Kisiwa cha Wight mwaka 1845, wakajenga upya, na leo ni makumbusho chini ya English Heritage, shirika la kutunza majengo ya kihistoria. Ila ndani ya uwanja wake zipo nyumba ndogo za kupanga, Pavilion Cottage mojawapo, ambamo mgeni anajipikia mwenyewe.

Faida yake utaiona jioni, watalii wakishaondoka. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo unapika, mnakula, na bado mna mwanga wa kushuka hadi ufukweni kwa miguu bila kusukumana na mtu. Pale kipo kibanda cha mbao chenye magurudumu. Malkia aliingia humo, kikateremshwa majini kwa reli huku akibadili nguo, akaoga bila kuonekana. Aliogelea baharini mara ya kwanza hapo hapo, mwaka 1847. Mabibi zetu wa Lamu wangemwelewa kabisa! Lakini usidanganyike na jua. Maji yale si ya Nungwi, hata Agosti yanauma.

Mchana, wenye watoto waanzie Swiss Cottage, nyumba ya watoto wa Malkia ndani ya uwanja huohuo, maana vyumba vya jumba kubwa vitawachosha. Watoto wa Malkia walilima mboga huko, kila mmoja na toroli lake lenye herufi za jina lake, na baba yao akizinunua mboga hizo kwa bei ya sokoni. Wangu hawakutaka kutoka. Baadaye ndipo mwingie jumbani, na msikipite haraka chumba cha Durbar, ukumbi wa mtindo wa Kihindi: nakshi zake nyeupe alizisimamia fundi wa Kihindi, Bhai Ram Singh.

Kuhusu safari, feri ya magari ya Southampton hadi East Cowes huchukua kama saa moja na inakushusha karibu kabisa na Osborne. Ile ya Portsmouth hadi Ryde ni ya haraka zaidi, lakini haibebi magari. Unga wa ugali na viungo nunueni kabla ya kuvuka. Tiketi zikateni mapema, na mwanzoni mwa Agosti epukeni: ni wakati wa Cowes Week, mashindano ya mashua, na kisiwa hufurika. Asiyebanwa na likizo za shule aende Mei.