Waandishi saba kwa siku tisa, bila gari

SWALI: Ninafundisha fasihi ya Kiingereza sekondari hapa Morogoro. Mwezi Septemba mimi na mume wangu tutakwenda Uingereza kwa siku 9. Mdogo wangu anaishi Reading na ndiye atakayetupokea. Nataka kuona walikoishi Shakespeare, Jane Austen, akina dada Brontë, Wordsworth, Beatrix Potter, Thomas Hardy na Dickens. Gari hatutaki kukodi. Tumefikiria kulala Reading siku zote, asubuhi tupande treni na jioni turudi. Itawezekana? Na tiketi tununue lini? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, saba hapana. Watano mtawaona vizuri, na Reading mlale usiku mbili za mwanzo tu.

Kwenye ramani nchi ile inaonekana kama kiganja. Lakini kutoka London hadi Windermere, kwenye maziwa ya Wordsworth, ni zaidi ya kilomita 400, karibu sawa na Dar hadi Dodoma. Treni kubwa huzimaliza upesi. Kinachokula siku ni kipande cha mwisho: basi la kijijini linalopita mara moja kwa saa, na pengine la mwisho linaondoka kabla hamjaagiza chakula cha jioni. Kwa hiyo safari za namna hii mimi huzipanga kinyumenyume. Naanza na basi la mwisho kutoka kijijini, narudi nyuma mpaka treni ya asubuhi, ndipo najua mgeni alale wapi. Anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo huona mlango wa makumbusho na duka la zawadi, basi.

Wa kuwaacha ni Dickens na Hardy. Dickens simwonei huruma, maana ni mwandishi wa mji, na mkipita London mtakuwa mmekanyaga alikokanyaga. Hardy inaniuma. Alizaliwa 1840 Higher Bockhampton, nje ya mji wa Dorchester, kona ya kusini-magharibi isiyo njiani kuelekea popote mnapokwenda. Treni kutoka London ni zaidi ya saa mbili na nusu, na ukishuka bado nyumba ya kuzaliwa iko mbali na kituo. Isitoshe, Hardy si nyumba. Ni wilaya nzima, mashamba na vilima vyake, na hiyo inataka gari. Moyo wake ulizikwa Stinsford kule kwao, majivu yakapelekwa Westminster Abbey. Ingieni hapo mkiwa London, mtakuwa mmemsalimia nusu.

Fikeni siku ya Jumapili. Ndiyo siku ambayo reli hufungwa vipande kwa matengenezo na mabasi ya vijijini hupungua au hukosekana kabisa, basi itumieni kwa mdogo wako na usingizi.

Jumatatu pandeni treni ya moja kwa moja kutoka Reading hadi Winchester. Jane Austen alifia mji huo mwaka 1817, akazikwa ndani ya kanisa kuu. Soma jiwe la kaburi lake taratibu: linasifu tabia na akili yake, halitaji riwaya hata moja. Baadaye chukueni basi la kwenda Alton, mshuke Chawton, kwenye nyumba alimoishi kuanzia 1809. Humo kuna meza ndogo inayosemekana ndiyo aliyoandikia, ndogo kuliko ya muuza vocha. Wanafunzi wako wakilalamika hawana pa kusomea, wapigie picha. Kabla ya kwenda, angalia siku na saa za kufungua. Nyumba hizi zote hubadilisha ratiba kwa msimu.

Jumanne Stratford-upon-Avon, kwa kubadilisha treni Leamington Spa. Wengi wanaoishi London huenda na kurudi, nami nawashauri walale, kwa sababu sehemu bora ya Stratford ni tamthilia ya jioni, na ikiisha treni za kurudi ni za kuhesabu. Nyumba aliyozaliwa Shakespeare mtaa wa Henley itakuwa na foleni. Mimi hupenda zaidi mahali ambapo nyumba haipo: New Place, aliyoinunua baada ya kupata fedha na ambamo alifariki 1616. Kasisi mmoja aliyeimiliki baadaye, Francis Gastrell, aliibomoa mwaka 1759 kwa hasira. Leo pamebaki bustani. Wewe unayefundisha Kiingereza huku wenzako wa Kiswahili wakiwa na Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Shakespeare ya Mwalimu Nyerere ya 1969, ichukue nakala hiyo ukaisome hapo kwa sauti. Hakuna atakayeshangaa, Stratford wamezoea watu wanaojisomea bustanini.

Jumatano ndiyo siku ndefu ya reli. Kutoka Stratford mwende Birmingham, mshuke Moor Street na kutembea dakika chache hadi kituo cha New Street (ni vituo viwili tofauti, msisubiri pale mliposhukia), kisha Leeds, kisha Keighley, na basi hadi Haworth. Leeds msipite kama wageni: Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma chuo kikuu cha hapo katikati ya miaka ya 1960.

Haworth mlale usiku mbili, na Alhamisi yote iwe ya akina Brontë. Nyumba ya baba yao, mchungaji Patrick, inatazamana na makaburi, na hapo ndipo ningependa usimame muda mrefu. Mwaka 1850 mkaguzi wa serikali, Benjamin Babbage, alikuja kuchunguza maji na vyoo vya kijiji. Alikuta makaburi yaliyojaa kupita kiasi, vyoo vichache, na wastani wa umri wa kufa usiofika miaka 26. Emily alikufa 1848, Anne 1849, Charlotte 1855. Baba aliwazika watoto wote sita, kasoro Anne aliyezikwa Scarborough, naye akaishi hadi 1861. Ukishayaona makaburi yale, vifo vingi ndani ya riwaya zao havitakuwa tena mbwembwe za mwandishi.

Mchana tembeeni hadi Top Withens, gofu la nyumba ya shamba juu ya nyanda zisizo na miti, kilomita 5 au 6 kwenda tu. Watu husema ndiyo nyumba ya Wuthering Heights, riwaya ya Emily. Bango lililowekwa ukutani na chama cha Brontë mwaka 1964 linakiri kwamba jengo hili halikufanana na lile la kwenye riwaya, hata lilipokuwa zima. Huenda Emily alichukua mahali tu. Nendeni hivyohivyo. Mwanzoni mwa Septemba mimea mifupi iitwayo heather bado ina maua ya zambarau, na upepo wenyewe utakufundishia sura ya kwanza. Njia inakatiza mashamba ya watu, nanyi mna haki kisheria kupita: mshale wa njano ni njia ya waendao kwa miguu. Kila geti mlilofungua, lifungeni. Ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huko, mnayohitaji ni namba OL21. Simu zina tabia ya kupoteza mtandao kule juu.

Chakula kisiwasumbue, ila saa zake zitawasumbua. Majiko ya baa nyingi za vijijini hufungwa saa nane mchana hivi na kufunguliwa saa kumi na mbili jioni. Kati ya hapo mtapewa chai na keki. Kama mnakula halali, Bradford iko karibu, na pilipili ya kule si ya kuonjwa kwa ulimi tu.

Ijumaa kutoka Keighley kuna treni chache kwa siku zinazokwenda Lancaster kupitia Skipton. Zitafuteni hizo, maana bila hizo mtazunguka Manchester. Lancaster mbadilishe kwenda Oxenholme, hapo kuna tawi la Windermere, kisha basi hadi Grasmere. Reli hiyo ya Windermere Wordsworth aliipinga mwaka 1844, akiogopa makundi ya wageni. Ilifunguliwa 1847, na makundi hayo leo ni nyie.

Grasmere usiku tatu. Jumamosi ni ya Beatrix Potter: basi hadi Bowness, chombo cha kuvuka ziwa, halafu mwendo wa kama kilomita 3 hadi Hill Top, shamba alilolinunua 1905. Nyumba ni ndogo na watu huingizwa kwa saa maalumu, kwa hiyo wekeni nafasi mapema. Jumapili hamhitaji basi. Asubuhi Dove Cottage, ambamo Wordsworth aliishi kuanzia 1799 hadi 1808, kisha njia ya zamani ya kubebea majeneza hadi Rydal, alikohamia na kufia. Kaburi lake liko uani mwa kanisa la Grasmere, na ubavuni mwa kanisa hilo kuna duka linalouza mkate mgumu wa tangawizi tangu miaka ya 1850. Maua yale ya shairi lake la dafodili hamtayakuta. Dafodili ni za Machi na Aprili. Mimi nililikariri shairi lile shuleni miaka mingi kabla sijajua ua lenyewe lina rangi gani.

Jumatatu rudini kupitia Oxenholme na London.

Sasa tiketi. Za mapema, zilizofungwa kwenye treni moja, hutolewa wiki 12 hivi kabla na ndizo rahisi zaidi, lakini ukiikosa treni yako umeikosa. Ombi la viza nalo halipokelewi zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua wiki tatu. Ombeni Juni, msinunue chochote kisichorudishwa kabla ya kupata jibu. Viza ikitoka, nunueni za mapema kwa safari mbili ndefu tu: Jumatano, na Jumatatu ya kurudi. Kila safari iwe tiketi moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwani treni ya kwanza ikichelewa mnaruhusiwa kupanda inayofuata. Kwingine tumieni tiketi za nje ya saa za msongamano, bei yake haipandi kadiri siku inavyokaribia. Kadi ya Two Together (pauni 35 mwaka 2025) itawapunguzia theluthi moja, ila lazima msafiri wote wawili, na siku za kazi si kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, ambayo saa zao zitaandika 9:30.

Viatu vya kutembelea vinunueni huku, mvivae mkipanda Morningside mara tatu nne kabla ya Septemba. Kama vitawachubua, viwachubulie Uluguru.