Sabuni Imeota Unga Mweupe: Maswali ya Wapika Sabuni wa Nyumbani

*Shikamoo Mama. Napika sabuni ya mwani: kilo moja ya mafuta ya nazi, kostiki soda gramu 150, maji nusu lita na mwani wa kusaga. Kila nikiamka, miche imeota unga mweupe juu. Wateja wanauliza kama ni kuvu. Imeharibika?*
Msomaji, Jambiani

Marahaba, mwanangu. Haijaharibika, na si kuvu. Unga huo ni soda iliyokutana na hewa kabla haijakutana na mafuta. Hewa ina kaboni dayoksaidi, na soda ikiipata hugeuka kuwa sodiamu kaboneti, ndugu wa karibu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Inaharibu sura tu. Pangusa kwa kitambaa kibichi, au pitisha mche juu ya mvuke wa birika, halafu uache ukauke.

Lakini sitaki uishie kupangusa, maana kila ukipika utapangusa tena. Chanzo ni maji. Nusu lita kwa gramu 150 za soda ni mengi mno. Sabuni inachelewa kuganda, na soda inapata nafasi ya kupanda juu. Tumia maji yenye uzito mara mbili ya soda, yaani gramu 300, na upime kwa mizani, si kwa kikombe. Koroga mpaka uji wa sabuni uwe mzito kidogo ndipo umimine. Tandaza nailoni iguse uso wa sabuni, kisha funika kalibu kwa kanga moja. Sabuni ya nazi tupu hupata moto na kukomaa upesi, kwa hiyo anza kuiangalia baada ya saa chache na uikate siku hiyohiyo. Ukiiacha ilale, itamong'onyoka chini ya kisu.

Kuna alama nyingine nyeupe ambayo ndiyo ya kuogopa. Ukikata mche ukakuta ndani chembe ngumu, au vishimo vinavyotoa maji, hiyo huenda ni soda kali ambayo haikuchanganyika. Gusa kwa kidole chenye maji, kisha gusisha kidogo kwenye ncha ya ulimi. Ikikupiga kama umeme, suuza mdomo, na sabuni hiyo usiiuze wala usiiogee, hata kama mteja ameshalipa. Vaa glavu uirudishe sufuriani.

*Assalamu alaykum Bi. Nikitia mafuta ya karafuu, sabuni inaganda ghafla kabla sijaimimina. Nikiishindilia kwenye kalibu inatoka na mashimo, tena rangi ya kahawia. Nimeambiwa karafuu haifai kwa sabuni.*
Msomaji, Wete

Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Aliyekwambia hivyo asikuvunje moyo. Mtu wa Pemba aache karafuu atie manukato ya dukani? Karafuu inafaa, ila ina tabia yake. Ndani yake mmejaa kemikali iitwayo eujenoli, na hiyo ikigusana na soda inaharakisha sabuni na kuipandisha joto. Mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yana tabia hiyohiyo.

Kwanza punguza. Gramu 5 kwa kilo ya mafuta zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo unaanza kuwasha ngozi za watu. Pili, acha mafuta na maji ya soda vipoe mpaka nyuzi 35 hivi. Tatu, chota mafuta ya nazi kidogo pembeni, changanya karafuu humo, na uitie mwisho kabisa uji ukiwa bado mwepesi. Hapo weka blenda chini. Koroga kwa mwiko, kalibu ikiwa tayari mbele yako.

Ikiganda hata hivyo, usiitupe. Weka sufuria ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, koroga mpaka sabuni iwe nzito na yenye kung'aa pote, kisha ishindilie kwenye kalibu na ugonge kalibu mezani kutoa hewa. Uso wake utakuwa wa mparuzo, lakini ni sabuni nzuri. Ukahawia hautaondoka. Ndiyo rangi halali ya sabuni ya karafuu, na mimi naipenda hivyo.

*Shikamoo Mama. Sabuni yangu ya alizeti ilitoka nyeupe safi. Baada ya miezi michache imepata madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochacha. Huwa naianika kwenye wavu wa chuma.*
Msomaji, Singida

Marahaba, baba. Umejijibu mwenyewe nusu: mafuta yamechacha. Alizeti huchacha upesi kuliko nazi, na kutu ya ule wavu imeongeza kasi. Anika juu ya mbao au mkeka, kivulini, penye upepo. Usinunue mafuta yaliyoshinda juani kwenye madumu kando ya barabara. Yanaweza kuwa yameanza kuchacha kabla hujayafikisha nyumbani. Tena alizeti isizidi gramu 150 katika kila kilo ya mafuta, nyingine iwe nazi na mawese. Miche yenye madoa fulia nguo. Dukani usiipeleke, harufu ile itamfukuza mteja moja kwa moja.

*Mama, sabuni ya mlonge ilikuwa kijani, sasa ina rangi ya majani makavu. Nifanyeje?*
Msomaji, Morogoro

Kijani cha majani hakidumu mbele ya soda na mwanga, mwanangu, kiwe cha mlonge au cha mwarobaini. Kuihifadhi gizani kutakusaidia kwa muda tu. Ukitaka kijani cha kudumu, tafuta oksidi ya kromu, unga wa rangi ya kijani, iliyotengenezwa kwa ajili ya vipodozi, si ile ya rangi za nyumba. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya mafuta kinatosha, na ukivuruge kwanza kwenye mafuta kidogo kisije kikaacha vidonge.