Maswali ya pikipiki: Abiria amekataa, unakimbilia kigari

Maswali kuhusu vigari vya pembeni, vile viti vyenye tairi moja vinavyofungwa ubavuni mwa pikipiki, yamefurika, na karibu yote yana kisa kimoja: mwenye pikipiki anataka, abiria hataki. Nimechagua yanayogusa wengi. Wale mnaouliza tena oili gani inafaa Boxer, jibu limo kwenye kitabu mlichopewa dukani pamoja na funguo. Kifungueni.

Shikamoo fundi. Mke wangu amegoma kabisa kupanda pikipiki yangu, Boxer 150. Nataka nimfungie kigari pembeni, kama zile pikipiki za vita vya zamani, akae kwa raha zake. Boxer itavuta? (Msomaji, Kihonda, Morogoro)

Marahaba. Kuvuta itavuta, ila umeruka swali la kwanza. Barua yako imeeleza injini, rimu na hata rangi unayotaka kigari kipakwe, lakini hakuna mstari hata mmoja unaosema mkeo anaogopa nini. Muulize, kisha msikilize mpaka amalize.

Kama anaogopa mwendo wako, kigari hakitamsaidia. Atakwenda mwendo ule ule, safari hii ameketi chini, usawa wa matairi ya malori, upande wa ukingo wa lami ambako daladala huchepuka bila taarifa. Dawa ya hofu hiyo ni wewe kupunguza mwendo, kuacha kupenya katikati ya magari, na kumnunulia kofia ngumu inayomtosha. Isiwe ile inayozunguka kichwani akigeuza shingo. Wake wengi wanaoambiwa ni waoga wameshaona waume zao wanavyoendesha, na wameamua kwa akili timamu.

Kama tatizo lake ni vumbi na mvua, kwenye kigari vumbi ni zaidi.

Lakini akisema hawezi kukaa ametanua miguu huku amevaa gauni, au kiuno kinamsumbua, au anahofia pikipiki kuyumba inaposimama, hapo kigari kina kazi. Ndiyo kazi iliyokipa umaarufu. Uingereza, kabla gari dogo la bei nafuu halijafika kwa mfanyakazi wa kawaida, familia nzima ilisafiri hivyo: baba kwenye usukani, mama na watoto kwenye kigari. Gari dogo la Mini lilipoingia sokoni mwaka 1959, familia hizo zilianza kuhamia kwenye gari, maana wakati huo zilikuwa zimeshajua vizuri usumbufu wa kigari.

Na usumbufu wenyewe ni huu. Boxer yako ina nguvu za farasi kama 12. Kigari chepesi chenye fremu ya bomba, kiti na tairi lake ni kilo 60 na kuendelea, ongeza na mkeo. Itabidi ubadilishe sproketi, ya mbele iwe na meno pungufu au ya nyuma yaongezeke, na mwendo wa juu utashuka. Breki iliyotengenezwa kusimamisha watu wawili itabebeshwa mzigo mwingine. Tairi la nyuma litalika katikati upesi, kwa sababu tairi la pikipiki limechongwa duara ili lilale kwenye kona, na pikipiki yenye kigari hailali. Spoki nazo zitasukumwa kwa ubavu, nguvu ambayo hazikuizoea.

Kisha kuna mashimo, jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Pikipiki ina njia moja tu ya tairi, kwa hiyo unalikwepa shimo kwa kupinda kidogo. Ukifunga kigari unakuwa na njia mbili barabarani, na ukikwepa shimo na tairi la mbele, la kigari linaingia. Anayelipokea shimo hilo mgongoni ni mkeo. Foleni nayo utaikaa kama mwenye gari, maana hupenyi tena popote.

Kama baada ya kumsikiliza bado mnakitaka wote wawili, endeleeni. Akikitaka yeye, ni safari. Ukikitaka wewe peke yako, umemtafutia kiti kingine cha kumlazimisha.

Kigari kinafungwa kulia au kushoto? (Wasomaji wengi)

Kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo abiria akae upande wa ukingo. Kulia unamweka katikati ya barabara, akitazamana na mabasi.

Kuna fundi jirani anachomelea mageti na amewahi kutengeneza guta la kubebea maji. Anasema kigari ni kazi ya siku mbili na bei yake nafuu. Nimwamini? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

Hapana, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu watakapoumia.

Guta lina ekseli ya nyuma yenye tairi mbili, mzigo upo katikati, na fremu imechorwa hivyo tangu mwanzo. Kigari kinaning'inia upande mmoja wa fremu ambayo haikutarajia kuvutwa ubavuni. Kila shimo, kila kona na kila breki inajaribu kukibandua. Ndiyo maana kinashikwa sehemu nne, mbili chini na mbili juu, kwa vibano na bolti nene, na pikipiki nyingi za kisasa huhitaji kwanza fremu ndogo ya chini ya kubebea vibano hivyo. Kuchomelea bomba moja kwa moja kwenye fremu ya pikipiki ni kosa. Joto linaudhoofisha ule ukuta mwembamba wa bomba pembeni ya mshono, na hapo ndipo panapokatika.

Niliwahi kuonyeshwa kazi ya aina hiyo karakanani. Kwa mbali ilipendeza: rangi nyeusi, kiti cha ngozi, hata bendera ndogo mbele. Nilipoinama nikaona rangi imebabuka kuzunguka mshono wa chini, na ndani yake ufa mwembamba kama unywele, umeshaanza kutoa kutu. Mwenyewe alikuwa anasikia mlio wa "kik, kik" akipita kwenye matuta, akadhani ni shokapu. Siku ile alikuwa amekuja na mwanawe.

Ukimpata fundi wa kweli, muulize maswali matatu, asipoyajibu ondoka. La kwanza: tairi la kigari litakaa wapi? Jibu ni mbele kidogo ya tairi la nyuma la pikipiki, kwa pikipiki ndogo kama sentimita 15 hadi 25, wala halipangwi nalo mstari mmoja. La pili: tairi la kigari litaelekea wapi? Lielekee ndani kidogo kwa mbele, tofauti ya milimita 10 hadi 20 baina ya mbele na nyuma. La tatu: pikipiki itasimama wima kabisa? Hapana. Bila mtu kitini iinamie nje kidogo, upande usio na kigari, nyuzi moja au mbili, ili mzigo ukiingia isimame sawa.

Fundi wa mageti ana heshima zake, na mageti yake yanasimama miaka. Ila geti halipigi kona.

Kofia ngumu inahitajika kwenye kigari? Si amekaa kama ndani ya gari? (Msomaji, Tanga)

Inahitajika. Gari lina paa, milango na bodi. Avae kofia na mkanda.

Mama yangu ana miaka zaidi ya 70, magoti yanamuuma. Kliniki anapelekwa na bodaboda, anakaa upande, na sasa amesema hapandi tena, bora abaki nyumbani. Kigari kitamfaa? (Msomaji wa kike, Moshi)

Pole, dada. Mama yuko sahihi kukataa kukaa upande. Ukikaa upande huna cha kushika kwa nguvu, uzito wote uko nje, na pikipiki ikiruka tuta unateleza na kuangukia mgongo. Kwa umri wake, nyonga ikivunjika huo ni ugonjwa mrefu.

Lakini kigari nacho kina mtego kwa wazee. Kiti kiko chini sana, na vingi havina mlango. Ataweka mguu juu ya ukingo, ashuke ndani, na kutoka itabidi ajiinue kwa magoti yale yale yanayomuuma. Mchukulie bajaji. Kiti chake kiko usawa wa mtu kukaa na kusimama, ina paa na ina mahali pa kushika. Tafuta dereva mmoja mwenye subira, mkubaliane siku za kliniki, awe anamfuata mama mlangoni. Yule aliyekuwa akimkimbiza kwa bodaboda umwambie kwa nini mmemwacha, huenda ana mabibi wengine anaowabeba.

Mwanangu wa miaka minne analia kila nikimweka mbele kwenye tanki. Nikifunga kigari atatulia? (Msomaji, Mwanza)

Mshushe leo, kabla ya habari ya kigari. Ukifunga breki ghafla, kifua chake kinagonga usukani na wewe unamlalia kwa nyuma. Hata kwenye kigari mtoto wa umri huo hakai peke yake. Akae na mtu mzima, afungwe mkanda, na avae kofia ya saizi yake. Kama huna kofia ya saizi yake, huna safari.

Leseni yangu ni A1. Inatosha? (Msomaji, Dodoma)

Haitoshi. Kwa madaraja ya leseni ya Tanzania, A1 ni ya pikipiki ndogo isiyo na kigari. Daraja A ndilo linalotaja pikipiki yenye kigari au isiyo nacho, na A2 ni la magurudumu matatu kama bajaji. Nenda pia TRA na kwa askari wa usalama barabarani uwaulize kabla fundi hajagusa chochote, na iambie kampuni yako ya bima kwa maandishi. Ajali ikitokea, chombo kilichobadilishwa kimyakimya kitakupa taabu kuliko ajali yenyewe.

Niliona watalii Arusha na pikipiki kubwa yenye kigari, inanguruma taratibu. Ni aina gani, nikaagize? (Msomaji, Usa River)

Kwa maelezo yako ni Ural. Ni uzao wa M-72 ya Kisovieti, iliyotokana na BMW R71 ya Kijerumani, na kwa miaka mingi, hadi 2022, iliunganishwa mji wa Irbit, Urusi. Ina gia ya kurudi nyuma, na baadhi ya modeli tairi la kigari nalo linasukumwa na injini. Ni chombo imara. Ila nyingi zina kigari kulia, na nimeshasema kulia kwetu ni wapi. Spea nazo hutazipata duka la kona. Kama huwezi kuingoja spea miezi, usiagize.

Kijijini kwetu wajawazito wanakataa kupanda bodaboda kwenda kituo cha afya, nao wana haki, njia ni mbaya. Kamati ina pikipiki moja. Kigari kinaweza kusaidia? (Mhudumu wa afya, Kigoma)

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Ndiyo, na si ndoto. Kuna pikipiki za wagonjwa zilizoundwa Afrika Kusini, kigari chake ni kitanda chenye mkanda na kivuli. Wilaya ya Mangochi, Malawi, pikipiki za wagonjwa ziliwekwa kwenye vituo vitatu vya vijijini kwa ajili ya wajawazito wenye dharura. Muda wa kumfikisha mgonjwa hospitali ulipungua kwa saa 2 hadi 4 na nusu kutegemea kituo, na bei ya kununua ilikuwa mara 19 chini ya gari la wagonjwa.

Kwenu msianze na pikipiki mliyonayo na bomba za mchomeleaji. Andikeni maombi kwa halmashauri mkiomba chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo. Semeni mapema nani dereva, nani wa zamu usiku, na fedha ya mafuta na tairi inatoka mfuko gani. Na dereva afundishwe kwanza bila mgonjwa. Kigari kikiwa kushoto, kona kali ya kushoto hukinyanyua hewani. Dereva mgeni hushtuka, ananyoosha usukani, na chombo kinavuka kwenda upande wa wanaokuja. Anayejua hupunguza mwendo kabla ya kona, anaegemea upande wa kigari na kugeuza usukani kwa nguvu za mikono. Ujuzi wa kulaza pikipiki hapa hausaidii kitu.

Nimeshafunga kigari. Nikivuta mafuta pikipiki inakwenda kushoto, nikishika breki inakwenda kulia. Fundi anasema nitazoea. (Msomaji, Nakuru)

Nusu ni kweli. Ukiongeza mwendo, kigari kinabaki nyuma na kukuvuta kushoto. Ukishika breki, chenyewe kinataka kuendelea, kinakuzungusha kulia. Hilo ni umbile la chombo. Lakini kuvutwa kulia maana yake ni kupelekwa kwenye magari yanayokuja, kwa hiyo usiambiwe uzoee tu. Tairi la kigari liwekewe breki yake, ifanye kazi pamoja na ya nyuma.

Kisha jaribu mwendo wa kilometa 40 kwa saa usiobadilika, barabara tambarare. Ikiwa bado inavuta upande, vipimo vimekosewa. Egemeza mbao mbili zilizonyooka, moja kwenye ubavu wa tairi za pikipiki, nyingine kwenye tairi la kigari, upime nafasi kati yake mbele na nyuma. Mbele iwe pungufu kwa milimita 10 hadi 20. Zikilingana, au mbele ikizidi, mrudishie fundi kazi yake. Wakati wote wa majaribio kitini weka mfuko wa mchanga wa kilo 50, uufunge mkanda.