Tamasha la gitaa la klasiki: mwalimu usimchague kwa ukubwa wa jina

Mkuu, uzi wako nimeusoma wote. Kwa waliochelewa kuingia, jamaa kajifunza gitaa kanisani Mbeya, sasa yuko Ujerumani kimasomo, kaona tangazo la tamasha la gitaa la klasiki Koblenz, na kwenye fomu kuna orodha ndefu ya walimu ambao ndio hao hao wanaopiga konseti za jioni. Anauliza amchukue nani, na je alipie nafasi ya kupiga mbele ya mwalimu au ile ya kusikiliza tu ambayo ni nafuu. Wengi humu wamemjibu "chukua yule maarufu kuliko wote ili hela isipotee". Mimi hapo napinga kabisa. Nakaa Köln, Koblenz kwangu ni kama saa moja tu na treni, Iserlohn, mji mwingine wenye tamasha kama hilo, nako si mbali, kwa hiyo haya mambo nimeyaona kwa karibu na yananigusa sana maana gitaa ndo maisha yangu nikishatoka kazini.

Kwanza uelewe yanavyoendeshwa. Asubuhi mpaka mchana ni madarasa, kila mwalimu ana chumba chake, mwanafunzi mmoja anakaa mbele na gitaa lake wengine wamekaa kwenye viti wanasikiliza, hiyo ndo masterklasi. Katikati kuna mazoezi ya kundi la magitaa, kuna mafundi wanaotandaza magitaa waliyoyatengeneza kwa mkono na unaruhusiwa kuyajaribu (nawa mikono kwanza, na vua mkanda wenye bizimu ya chuma, watakushukuru), kuna shindano la vijana, alafu jioni ni konseti. Na hapo kwenye konseti ndo utamu wa matamasha haya ulipo, kwa sababu yule aliyekuambia saa nne asubuhi usikaze bega, saa mbili usiku unamuona jukwaani na bega lake mwenyewe, bila spika, bila maiki, gitaa tupu ndani ya ukumbi wa watu mia kadhaa na kimya cha kusikia mtu akimeza mate. YouTube haikupi kitu hicho hata kidogo.

Sasa turudi kwenye swali. Kupiga na kufundisha ni kazi mbili tofauti bana. Kuna waliojaliwa zote, wapo, lakini usidhani moja inaleta nyingine. Angalia tu historia yenyewe. Manuel Barrueco, yule Mcuba ambaye kwa usafi wa sauti mimi sijasikia wa kumfikia, alisoma kwa Aaron Shearer pale Peabody, chuo cha muziki cha Baltimore, Marekani. Shearer jukwaani hakuwa na jina lolote, maisha yake yote yalikuwa ni kufundisha na kuandika vitabu vya namna ya kufundisha, na wanafunzi wake wamejaa dunia nzima. David Russell, yule Mskoti aliyekulia Menorca, aliyepata Grammy mwaka 2005, alipita kwa José Tomás kule Hispania, jina ambalo nje ya wapiga gitaa hakuna anayelijua. Siena, Italia, pale Accademia Chigiana, chuo cha muziki, yule Mhispania maarufu Andrés Segovia ndiye aliyeanzisha darasa la gitaa miaka ya 1950, lakini ukiwauliza walimu wengi wa leo nani aliwafungua macho watakutajia Oscar Ghiglia, aliyelishika darasa hilo kuanzia 1976 na kulibeba miaka na miaka.

Na Segovia mwenyewe? Bila yeye pengine tusingekuwa na haya matamasha, ndiye aliyelitoa gitaa vyumbani akalipeleka kumbi kubwa za dunia, heshima yake haina mjadala. Ila kama mwalimu alitaka mwanafunzi apige kama yeye. Mpiga gitaa John Williams, aliyeanza kwenda Siena akiwa bado mtoto, amelisema hilo hadharani. Na kuna ile masterklasi ya 1986 pale University of Southern California, mwaka mmoja kabla Segovia hajafariki, ambapo alimkatisha mwanafunzi Michael Chapdelaine mbele ya watu wote kwa sababu alikuwa amebadilisha vidole alivyoviandika mzee kwenye noti. Chapdelaine alikuwa mpigaji hasa, mwaka 1998 huyo huyo akachukua ubingwa wa taifa wa fingerstyle, yaani kupiga gitaa kwa vidole, huko Marekani. Fikiria basi wewe uliyetoka kanisani na nyimbo zako za kwaya ukutane na mwalimu wa namna ile siku yako ya kwanza.

Jambo lingine ambalo watu hawalijui, majina mapya kwenye bango mara nyingi ni washindi wa mashindano. Mshindi wa lile la Guitar Foundation of America, GFA wanavyoliita, zawadi yake kubwa ni ziara ya konseti nyingi pamoja na kurekodi, kwa hiyo kila mwaka anaibuka kijana mpya anayezungushwa huku na huku, na akifika kwenye tamasha anapewa na darasa la kufundisha. Kijana huyo anaweza kuwa anapiga mpaka ukasahau kupumua na wakati huo huo hajawahi kukaa na mwanafunzi mgumu hata muhula mmoja. Simkatai, wengine wazuri sana kwa vile bado wanakumbuka walivyopambana na kitu fulani miaka mitatu iliyopita tu, wakati mzee wa miaka 60 ameshasahau kama kilikuwa kigumu. Nachosema ni ufuatilie, usiandike jina kwenye fomu kwa sababu picha yake ndo kubwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa mbele ya mpigaji mmoja mkubwa sana, jina nalihifadhi na tamasha lenyewe nalihifadhi. Nikapiga kipande changu, akasema "vizuri", akachukua gitaa lake akakipiga chote yeye, kizuri mno, watu wakapiga makofi, alafu akaanza hadithi za safari zake za Japani mpaka muda ukaisha. Nikatoka na heshima ile ile niliyoingia nayo juu ya upigaji wake na mkono wangu ukiwa vile vile ulivyokuwa, na ada nilishalipa. Iliniuma, na ndo maana naandika marefu hivi.

Linganisha na huyu. Mama mmoja wa makamo kutoka Amerika Kusini, konseti yake ilikuwa ya mchana kwenye kanisa dogo, watu hawakujaa. Nilimpigia Lágrima ya Tárrega, kipande kifupi ambacho kila mwanafunzi anakijua. Hakuniacha nimalize. Tulikaa karibu nusu saa kwenye bari mbili za kwanza, na nakuapia sijawahi kujifunza kama siku ile. Pale mwanzo kuna sauti mbili zinapanda pamoja, ya juu kwenye uzi wa kwanza na besi kwenye uzi wa nne, katikati uzi wa pili unalia wazi. Akaniambia imba ya juu. Nikaimba. Akaniambia sasa imba besi huku unapiga ya juu, hapo nikakwama, na yeye akasubiri, hakunisaidia, akasubiri tu mpaka nikaipata. Ndo nikagundua kwamba miaka yote ile besi nilikuwa naipiga kama mzigo wa kusindikiza tu, kumbe nayo ni wimbo unaotembea. Baada ya hapo akainama kabisa akaweka sikio karibu na shingo ya gitaa, akasema unasikia hiyo "swiii"? Ni kidole cha kushoto kinajiburuza kwenye uzi wa nne kila nikihama, maana zile nyuzi tatu nene zimezungushiwa waya. Akanishika kifundo cha mkono akanionyesha kwamba kabla ya kuhama kidole kinaachia uzito kwanza, kinabaki kimegusa tu, kisha mkono mzima unakwenda kuanzia kwenye kiwiko. Tukarudia taratibu, taratibu mno, mpaka swiii ikapotea. Waliokaa nyuma walikuwa wanajaribu hewani kwa mikono yao, nawaona mpaka leo.

Huyo ndo mwalimu wa kumtafuta: anayesikia mkono wako ulipo na kukupa kitu cha kufanya kesho asubuhi. Utamjuaje? Ingia ukasikilize. Matamasha mengi ukishalipia nafasi ya kusikiliza unaruhusiwa kuzunguka vyumba vyote, kwa hiyo siku ya kwanza pita darasa hili na lile, kaa nyuma, angalia mwanafunzi anatokaje. Je kipande kimebadilika kati ya alivyoingia na alivyotoka? Mwalimu anaongea na aliyeko mbele yake au na watazamaji? Akiletewa kitu asichokipenda anauliza au anakata? Ndani ya siku moja utakuwa umeshamjua wa kwako, na tamasha linalofuata unaomba nafasi ya kupiga kwake ukijua unakwenda kwa nani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, kama ni mara yako ya kwanza lipia ya kusikiliza. Najua inaonekana kama unanunua tiketi ya kusimama, ila anayesikiliza anapata masomo ya watu kumi na zaidi kwa siku, na hana hofu ya kutetemeka vidole, wakati anayepiga anapata somo lake moja na nusu ya maneno hayasikii kwa presha. Kama fedha inaruhusu na fomu inakubali zote mbili basi chukua zote, ila usijinyime chakula kwa ajili ya nafasi ya kupiga.

Umesema pia unaona aibu kwa sababu unapiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, kama wazee wetu. Mkuu, ondoa hiyo aibu. Huo ni urithi, Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliporekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alikuwa anapiga kwa gumba na kidole kimoja na akiimba Kiswahili, na mpaka sasa Wazungu wanakaa chini kuandika noti za vile alivyopiga wasimalize. Mimi nami nilifika huku na mkono wa hivo, nilifundishwa na mjomba kwenye galatoni yake, lile gitaa la nyuzi za chuma. Yule mama aliponiuliza nilianza na nini nikampigia kidogo, akaita wanafunzi wake waje waangalie gumba langu linavyotembea lenyewe bila kujali vidole vingine vinafanya nini, akasema wao huwapa watu mazoezi miezi mingi kutafuta uhuru huo. Ila akaniambia ukweli pia, kwamba kidole cha kati na cha pete vimelala, na klasiki bila hivyo haiendi, maana hata ile tremolo (kurudia noti moja haraka haraka) ya kipande cha Tárrega, Recuerdos de la Alhambra, ni gumba, pete, kati, shahada, kwa mfuatano huo, na pete ikichelewa kidogo tu unasikia inachechemea. Dawa aliyonipa ni mazoezi 120 ya mkono wa kulia ya Mauro Giuliani, mkono wa kushoto unashika kodi mbili tu, C na G7, kwa hiyo akili yote inabaki kulia. Yanapatikana bure mtandaoni, yaanze leo, machache kila siku, polepole.

Vitu vya kubeba sasa. Galatoni yako ya nyuzi za chuma iache nyumbani, azima au nunua hata ya bei nafuu ya nyuzi za naironi, na usije ukafunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki, zinavuta kwa nguvu sana mpaka daraja linang'oka kwenye ubao. Beba kibao cha kuwekea mguu wa kushoto. Beba tupa ndogo ya kucha na msasa laini kabisa, ule wa kung'arishia, kwa sababu kucha za mkono wa kulia ndo sauti yako, zikiwa na mkwaruzo gitaa zuri la fundi litatoa sauti ya bati. Ukiingia kwenye korido utakuta watu kutoka nchi zote wamejipanga ukutani wanasugua kucha kabla ya somo, kaa nao, huko kwenye korido nako kunafundishwa.

Na kipande cha kwenda nacho, tafadhali usiende na Asturias, kile kipande maarufu cha Albéniz. Kila wa pili anaipeleka hiyo, walimu wameichoka na haionyeshi mkono wako ulipo. Peleka kitu ulichokimeza kabisa, kifupi, kama hiyo Lágrima, au etude (kipande cha mazoezi) moja nyepesi ya Fernando Sor, au moja ya zile 20 nyepesi za Leo Brouwer ambazo kwa mtu mwenye midundo yetu mwilini zinakaa vizuri sana. Umesema unajua kusoma noti kidogo, basi andika hapa umefikia kipande gani na unakipiga kwa kasi gani, kama una klipu ya simu itupie humu inayoonyesha mkono wa kulia kwa karibu, ntaiangalia jioni nikitoka kazini.