Vyuma viwili ndani ya fupa la paja

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 8 amegongwa na bodaboda, na fupa la paja limevunjika katikati. Hospitalini wanataka kumwekea vyuma viwili ndani ya mfupa, lakini mama mkwe anasisitiza tumpeleke kwa mhazigi, mganga wa jadi anayeunga mifupa. Mimi nahofia vyuma hivyo vitamdumaza mguu. Nifanyeje? – Mama mzazi, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Hofu yako ina msingi, kwani mfupa wa mtoto hurefukia kwenye tabaka jembamba la gegedu lililo karibu na ncha zake, na tabaka hilo likijeruhiwa, mguu huweza kufupika au kupinda. Upasuaji huu, ulioendelezwa na madaktari wa mji wa Nancy, Ufaransa, ulibuniwa kwa kulikwepa tabaka hilo. Daktari hupasua ngozi kidogo pande mbili za paja, juu ya goti, akatoboa mfupa mahali palipo salama, kisha akapenyeza fito mbili nyembamba zinazonepa huku akiziangalia kwa eksirei. Kwa kuwa fito hizo zimepindwa mfano wa upinde, hukaza kutoka pande mbili na kuunyoosha mfupa, ila huuachia utikisike kidogo sana, na mtikisiko huo huchochea mfupa mpya kuota.

Angekuwa na miaka 3, plasta kutoka kiunoni hadi mguuni ingetosha; angekuwa na kilo zaidi ya 50, fito hizi zingeweza kupinda. Kwa umri wake, kama si mzito mno, nakushauri ukubali.

Mama mkwe usimvunjie heshima, lakini mweleze hili: nimewahi kumpokea mtoto aliyefungwa mabanzi yaliyobana mno, vidole vya mguu vikiwa vyeusi na baridi kama maji ya mtungi, na mguu ule hatukuweza kuuokoa.

Baada ya upasuaji atatembelea magongo kwa wiki kadhaa. Ncha za fito huweza kumchoma karibu na goti, na mguu wenyewe huweza kurefuka kwa takribani sentimita 1 kuliko mwenzake, jambo ambalo kwa kawaida halimfanyi achechemee. Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, au vidole vikifa ganzi, mrudishe siku hiyohiyo. Fito kwa kawaida hutolewa kati ya miezi 6 na mwaka 1, kwa hiyo usiondoke hospitalini kabla hujaandikiwa tarehe ya kurudi.