Dord, neno lisilo na ukoo

Ukiingia kwenye kazi ya tafsiri utaambiwa kamusi ndiyo hakimu. Niliambiwa hivyo nami, nikaamini. Kwa hiyo ninyi mnaoanza nawapa kwanza kisa cha dord.

Mwaka 1934 lilitoka toleo la pili la kamusi kubwa ya Webster, Marekani. Ukurasa wa 771 kulikuwa na dord: nomino, ya fizikia na kemia, maana yake densiti, yaani jinsi kitu kilivyoshikana. Matamshi yapo. Asili ndiyo haipo.

Chanzo chake ni kikaratasi. Tarehe 31 Julai 1931 mhariri wa kemia, Austin Patterson, aliandika "D or d", yaani D kubwa au d ndogo, kiwe kifupisho cha densiti. Kikaratasi kikaangukia fungu la maneno badala ya fungu la vifupisho. Na kwa kuwa pale vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa na kamusi, vilichapwa kwa kuachanisha herufi, aliyekipokea akaona D-o-r-d. Neno likazaliwa! Tarehe 28 Februari 1939 ndipo mhariri mmoja alipoona halina asili, akaanza kulichimba.

Msicheke sana. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa orodha ya istilahi iliyochapwa upya bila nukta. Mbele ya neno moja la Kiingereza paliandikwa "taz theluji". Nikadhani ni istilahi ya watu wa hali ya hewa, nikaiunganisha vizuri kabisa: taztheluji. Mteja akapiga simu: "Samahani ndugu yangu, taztheluji ndiyo nini?" Kumbe ilikuwa "taz.", tazama: nenda kwenye neno theluji.

Siku hizi neno nisilolijua naliuliza ndugu zake. Dense ya Kiingereza, ndugu wa densiti, anao: densus ya Kilatini, denso ya Kiitaliano na Kihispania. Dord hana hata binamu. Halafu nauliza nani analisema. Hapo usitishwe na kosa peke yake, maana hata kiplefti, ule mzunguko wa barabarani, ni "keep left" tuliyoisikia kwa masikio yetu, tukaiona ina ki-, tukaipa wingi: viplefti. Lakini dereva yeyote atakuelekeza kwa kiplefti. Dord ilikuwa ndani ya kamusi tu.

Ukikosa ndugu na wasemaji, usikisie. Weka alama pembeni, mpigie mteja kabla hajakupigia yeye.